Makoti Matatu Ljubljana

Wahenga hawakubahatisha waliposema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Walio hai hulizunguka kaburi, husoma dua, kisha hurudi nyumbani kula. Yanayotendeka chini ya udongo hawana habari nayo. Asiyeamini na asikilize kisa cha Zumreta Halilović.

Zumreta alikuwa fundi wa kupima maji ya mto katika mji wa Maglaj, nchini Bosnia. Mwaka ule wa mafuriko makubwa, mto Bosna ulivamia nyumba yao alfajiri bila onyo lolote. Baba yake, Mzee Redžo, alikuwa ameketi kitandani akivaa viatu. Walimpata siku ya tatu, kiatu kimoja mguuni.

Miaka mitatu baadaye uliitishwa mkutano wa kimataifa wa maafa mjini Ljubljana. Hapo ingepitishwa orodha ya mito itakayofungiwa vyombo vya kupima maji na kupiga king'ora. Nchi ambayo isingeuombea mto wake kabla ya saa sita mchana, mto huo ungeachwa. Zumreta alikwenda na ramani zake kwapani, tena amezichora kwa mkono wake mwenyewe.

Alikwenda kama nani, lakini? Kama mbeba mabegi! Wajumbe halali walikuwa mabwana watatu, Hasib, Nedeljko na Jozo, kila mmoja akiwakilisha upande wake wa serikali. Kwa desturi ya kwao, watatu hao wasipokubaliana, hakuna neno linalotoka. Kiti chenye kipaza sauti kilikuwa kimoja tu, nao walikigombea tangu asubuhi kama watoto wanaogombea ukoko.

"Safari hii zamu yangu," alisema Jozo. "Vienna ulikaa wewe."

"Vienna niliumwa tumbo nusu ya mkutano," Nedeljko alijibu. "Nayo unaihesabu?"

"Jamani, tusiaibishane mbele za watu," Hasib aliingilia. "Twendeni tukanywe kahawa, tuyamalize kiungwana."

Zumreta aliposikia neno kahawa, moyo ulimpiga paa. Anawajua watu wake: kahawa kwao si kinywaji, ni kikao.

"Waheshimiwa, imebaki nusu saa," alisema.

"Tulia, dada. Haya ni mambo ya kidiplomasia, si ya mabomba," Hasib alimjibu huku akivua koti. "Tuangalizie makoti."

Saa sita kasoro robo, mwenyekiti aliita Bosnia. Viti vitatu, makoti matatu, watu hakuna. Zumreta alipiga simu. Alisikia vijiko vikigonga vikombe, na sauti ya Nedeljko ikipaa: "Basi angalau jina langu liwe la kwanza kwenye barua ya maombi!" Kisha simu ikakatwa.

Watu wamekufa maji, na hawa wanagombea jina la kwanza! Hawana haya hata chembe. Alikwenda kwenye kiti cha mbele, akaketi, akawasha kipaza sauti.

"Samahani, mama," mwenyekiti alisema. "Kadi yako ni ya msikilizaji. Huna haki ya kusema hapa."

"Wenye haki wanakunywa kahawa!"

Ukumbi uliangua kicheko. Zumreta hakucheka. Mlinzi alikuwa tayari ameanza kumsogelea.

Ndipo mama mmoja mnene, mwenye mvi, aliposimama kwenye meza ya Kroatia. Jina lake Ankica Šimić.

"Mwenyekiti, mimi ni mtu wa Gunja, kando ya mto Sava. Mto wa huyu mama humwagikia kwenye wetu. Maji hayohayo yalinilaza juu ya paa na mama mkwe wangu usiku kucha. Mto wetu umeshaandikwa. Dakika zangu tano zilizobaki nampa yeye, na mlinzi arudi mlangoni."

Mwenyekiti alifunua kanuni zake, akafunua tena, asipate pa kumkatalia.

Zumreta hakuzifungua ramani. "Baba yangu alikuwa anavaa viatu," alisema. "Hakuhitaji msaada wa ndege wala mahema. Alihitaji king'ora na dakika kumi, avae na cha pili."

Hakuna aliyecheka tena. Dakika mbili kabla ya saa sita, mto Bosna uliandikwa.

Mabwana walirejea saa saba.

"Nani kakuruhusu kuisemea nchi?" Nedeljko alifoka. "Tulikuwa tumeshakubaliana!"

"Mmekubaliana nini?"

"Kwamba tukutane tena baada ya chakula," Jozo alisema.

Zumreta aliyachukua makoti, akamkabidhi kila mmoja la kwake.

"Shikeni," alisema. "Hayajalowa."

Akazikusanya ramani zake, akaenda kumtafuta Ankica, kwa maana adhabu ya kaburi aijuaye maiti.