Shubiri ya Bi Mwanapili

Jana mlinisikia nikimwambia jirani yetu, "Shubiri huachisha ziwa, haiachishi dawa," mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Sikuyatunga mimi. Niliambiwa na mama yangu mdogo, Mwanamkuu, mwaka ule wa mvua kubwa iliyokata barabara ya Duga, tulipokuwa tumefungiwa ndani tukisuka ukili wa mikeka. Yeye alikuwa jirani wa hao watu, nyumba yao na yake zilitenganishwa na ua wa makuti tu, na mengi aliyaona kwa macho yake. Basi methali hii ilianzia hapo.

Palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Mwanapili. Sifa yake kubwa pale mtaani ilikuwa kuachisha watoto ziwa. Mtoto akishakuwa mkubwa, anatembea na kusema, na bado anamvua mama yake kanga mbele za watu, huletwa kwa Bi Mwanapili. Kwanza humpa mama utomvu wa shubiri ajipake kwenye chuchu. Mtoto akionja, hukunja uso akalia. Kesho yake Bi Mwanapili humchukua akakaa naye kwake, na mama hakanyagi hapo, wala sauti yake isisikike. Mtoto hulia, hupewa uji wa mtama, huchezeshwa, hulia tena, mpaka siku moja anaamka amesahau. Hakuna aliyemshinda. Alikuwa akisema, "Mtoto halii ziwa milele. Hulia mpaka atakapochoka."

Sasa, mwanawe Mbwana alikuwa dereva wa lori la mkonge, mtu wa safari. Mkewe aliitwa Rukia, mtu wa Maramba, na mikono yake ilikuwa na baraka. Mkeka aliousuka yeye ungeweza kuumwagia maji yakakaa. Maharusi walikuwa wakiagiza kwake.

Rukia akapatwa na mkanda wa jeshi. Malengelenge yalimzunguka ubavuni, yakakauka, lakini maumivu hayakuondoka. Kanga ikimgusa tu hapo, anapiga kelele kama aliyeunguzwa. Hospitali wakampa vidonge vya mishipa ya fahamu, ameze asubuhi na jioni. Vikamfaa. Akasuka tena, akacheka tena. Mwaka ukapita, ukaingia wa pili, maumivu yameisha lakini vidonge bado. Akichelewa kumeza kimoja, anatoka jasho na kukosa raha. Akimeza, anakuwa mzito, macho yanafumba mchana kweupe.

Mchana mmoja akasinzia akisuka, na mtoto wake Kombo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa na bibi yake, akatoka peke yake mpaka kisimani. Mama yangu mdogo ndiye aliyemkuta, ameinamia maji anaongea na uso wake.

Mbwana aliporudi akaambiwa. Hakumpiga mkewe wala hakumtukana. Alisema tu, "Rukia, naondoka tena kesho. Nikirudi nikakuta bado unameza hivyo vidonge, nitakurudisha kwenu, na mtoto atabaki kwa mama."

Rukia akajibu, "Na mimi nimechoka navyo, baba Kombo. Lakini acha kwanza niende hospitali nikaulize naviachaje."

Bi Mwanapili akadakia, "Ukaulize nini? Ukimwuliza mwenye duka kama uache kununua, atakujibuje? Mwanangu, mimi nimeachisha mtaa mzima. Hata huyo mumeo aliyekaa hapo alilia mpaka akanywea, leo anaendesha lori. Njoo kwangu, nitakuachisha."

Msimwone Bi Mwanapili mbaya. Alimpenda yule mkaza mwanawe, na hakutaka arudishwe Maramba. Alitumia ujuzi aliokuwa nao, na ujuzi huo haukuwahi kumwangusha.

Basi Mbwana alipoondoka, vidonge vyote vilitupwa chooni. Kombo akapelekwa kwa mama yangu mdogo. Rukia akatandikiwa kitanda katika nyumba ya mkwewe, na amri ikatolewa kwamba neno dawa lisitajwe humo ndani. Akilitaja, apewe kikombe cha maji yaliyotiwa shubiri anywe.

Siku ya kwanza ilipita. Iliyofuata, Rukia akaanza kutetemeka. Jasho likaloanisha godoro. Usingizi ukamkimbia, na alipofumba macho alihisi sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Kila alichokula alikitapika. Ule moto wa ubavuni ukarudi, na moyo ukawa unamwenda mbio kana kwamba anafukuzwa.

"Mama, nakufa," akasema.

"Hufi. Kombo naye alisema hivyohivyo kwa kilio chake."

"Mama, nipe dawa, kipande tu."

Akapewa kikombe. Akanywa, akatapika.

Wanawake wa mtaani walikuja kumtazama kama mnavyotazama sinema. Mmoja, kwa jina Mwanashehe, mwenye ulimi kama upanga, akasema mlangoni, "Haya, mtoto wa ziwa hajambo? Kanyonya leo?" Wakacheka. Bi Mwanapili naye alicheka, maana alijua kilio kikizidi ndipo kinakaribia kwisha. Mama yangu mdogo alipomwambia, "Dada, huyu hana hali, tumpeleke zahanati," alimjibu, "Mwanamkuu, wewe una huruma, ndiyo maana wanao walinyonya mpaka wakaota magego."

Asubuhi iliyofuata Bi Mwanapili alikuwa anakoroga uji jikoni. Rukia akajikokota akaja, akashika mwimo wa mlango. Macho yake yalikuwa yanatazama mahali pasipo na kitu. Bi Mwanapili akafurahi kumwona amesimama. "Unaona? Umeanza kuchoka kulia. Njoo unywe uji."

Rukia hakujibu. Akakakamaa kama gogo, akaanguka. Degedege ikamshika, yule mtu mzima, na mkono wake wa kulia ukaingia mafigani, chini ya chungu. Bi Mwanapili alimvuta, lakini mwili unaporuka hivyo haushikiki. Uji wote ukammwagikia juu ya mkono uliokwisha ungua.

Kelele alizopiga Bi Mwanapili ndizo zilizomleta mama yangu mdogo. Wakamfunga kwenye baiskeli, wakampeleka zahanati, na kutoka hapo gari la wagonjwa likampeleka hospitali ileile iliyompa vidonge.

Daktari aliyempokea alikuwa msichana mdogo, mpole. Akauliza, "Dawa ameacha lini?"

Bi Mwanapili akasimulia yote, mpaka shubiri. Daktari akasema, "Bibi, dawa hii mwili ukishaizoea haikatwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, pengine miezi, na sisi tukimwangalia. Kilichomliza hakikuwa tamaa. Mwili ndio uliokuwa unaumwa."

"Kwa hiyo alikuwa anaumwa kweli?"

"Kweli kabisa. Angeweza kufa."

"Na mimi nikamnywesha shubiri," akasema Bi Mwanapili.

Rukia akarudishiwa vidonge. Safari hii vilianza kushushwa taratibu, daktari akimwangalia, na palipomtetemesha walisimama hapo mpaka mwili utulie, ndipo wakaendelea. Mbwana alirudi safari akamkuta bado anameza, hakuthubutu kutaja Maramba. Alimtazama mkono, akatoka nje, akakaa kwenye lori lake mpaka jua likazama. Kombo akabaki na mama yake.

Lakini mkono haukurudi. Vidole vitatu vilijikunja vikashikana na kiganja. Siku ya kwanza aliporudi nyumbani, Rukia alichukua ukili, akajaribu, ukamponyoka. Akajaribu tena. Akauweka chini, akamwambia mkwewe pasipo kupandisha sauti, "Mama, mimi sikuwa nalilia ziwa."

Mama yangu mdogo alisema afadhali angemtukana.

Miezi ikaenda, mpaka ikafika siku aliyokwisha kumaliza kidonge cha mwisho na kukaa siku kadhaa bila kitu, na nyumba nzima wanamtazama mikono. Haikutetemeka. Adhuhuri baada ya kuswali, Rukia akajilaza chumbani, Kombo akajibanza mgongoni mwake, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa ule umwanze akalala usingizi usio wa dawa wala wa kuchoka na maumivu. Bi Mwanapili akavuta kigoda akakaa mlangoni, kufukuza kuku na kumwangalia anavyopumua. Hakumwamini mtu mwingine kazi hiyo.

Ndipo akaja Mwanashehe, mumewe nyuma yake, ana harufu ya pombe.

"Hodi! Bi Mwanapili, nimekuletea mtoto mkubwa. Chupa haimtoki mdomoni. Mpake shubiri yako aache."

"Sema polepole, kuna mtu kalala."

"Kalala nani? Yule mtoto wa ziwa?"

Bi Mwanapili alimtazama mpaka yule mwanamke akashusha macho. "Mwanashehe, hakuna mtoto humu isipokuwa Kombo. Mkeka unaoulalia wewe nani kakusukia? Basi hutapata mwingine, na aliyekunyima ni mimi. Mpeleke mumeo hospitali, wamtazame wanaojua. Shubiri huachisha ziwa, haiachishi dawa."

Mwanashehe aliondoka na mumewe, na maneno hayo akaondoka nayo. Yakafika kisimani, yakafika sokoni, na baadaye yakawa yanasemwa hata na watu wasiomjua Rukia. Mtu akitaka kumkatia mwenzake ghafla kitu ambacho mwili au moyo wake umeshakiegemea, akamdhihaki kwa kulia, huambiwa hivyo: shubiri huachisha ziwa, haiachishi dawa.

Mchana ule Bi Mwanapili alibaki kwenye kigoda chake. Alisikiliza pumzi mbili zilizomo chumbani, ya mama na ya mtoto, akahakikisha zinakwenda sawa. Akafukuza kuku mmoja. Akaegemeza kichwa kwenye mwimo wa mlango, mkono bado umeshika fimbo, na yeye naye akalala.