Makopo Chini ya Kitanda

Akiba haiozi. Maana yake ni kwamba kitu kilichotunzwa humfaa mwenyewe siku asiyoitarajia. Asiyeamini na amuulize baba mdogo wa fundi mmoja wa kike aliyebandikwa jina la Binti Spana.

Uani kwao palikuwa na gari kuukuu la Kiingereza, la viti viwili, paa lake turubai la kukunja. Mmiliki wa kwanza alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa ilizaliwa salama kwa sababu gari lile liliwahi kufika. Mkunga akamuuzia mpiga picha, naye akalipaka rangi nyekundu ili avutie wachumba. Wachumba walilipenda gari, yeye wakamwacha. Mwisho likaangukia mikononi mwa baba yake Binti Spana, akalifungua lote, bolti baada ya bolti. Mauti yakamkuta kabla hajalifunga.

Binti alilihangaikia miaka miwili. Akanyoosha bati, akashona turubai jipya. Mkunga, sasa bibi mwenye mvi na maneno, akamwambia, "Mjukuu wangu, Jumamosi nahamia kwa mwanangu. Likitembea Ijumaa, nalinunua naondoka nalo. Likigoma, napanda basi."

"Na likigoma," baba mdogo akadakia, "linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ua umejaa kutu!"

Ijumaa asubuhi, usukani ukakataa kufungwa. Bolti za dukani zilikuwa za milimita, na gari lile ni la inchi. Ziliingia mizunguko miwili, zikakwama.

"Bolti za baba ziko wapi?"

Baba mdogo akakohoa. "Yale makopo? Nilimwambia mama yako ayatupe."

"Uliniambia, shemeji," mama akajibu dirishani, "nami nikaitikia. Kuitikia si kutupa."

Majirani waliofurika uani wakaangua kicheko. Mama akavuta makopo ya maziwa chini ya kitanda, kila moja na karatasi yenye mwandiko wa marehemu: Mlango. Turubai. Usukani. Binti akaukodolea macho ule mwandiko, akajifuta chozi kwa mkono wa grisi, shavu likabaki na mstari mweusi. Kisha akakaza. Bolti ikaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake.

Saa sita mchana, mkunga alilipeleka gari hadi mwisho wa barabara, akarudi akipiga honi, turubai limekunjwa, mtaa mzima ukimkimbilia.

Baba mdogo akawa wa kwanza kuomba lifti.

"Viti ni viwili tu, baba," mkunga akamjibu. "Hiki cha pili ni cha mwenye makopo."

Mama akapanda, akajitengeneza kitini kama bibi harusi. Naam, hata ikilala chini ya kitanda miaka nenda miaka rudi, akiba haiozi.