Dawa ya Nyuma ya Sikio

Paukwa.

Pakawa.

Nimesema paukwa, na aliye mbele ya kioo aitike pia.

Pakawa.

Kioo kilazweje?

Kifudifudi.

Na vidole viwe wapi?

Mbali na uso.

Haya. Sasa ngano ipite, ipate pa kukaa.

Hapo kale palikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa alikuwamo Kiboko. Si kwamba bwawa lilikuwa lake. Bata walikuwamo kabla yake, na Kobe, na Kambare, na Bi Chura, ambaye hata bibi yake alizaliwa humo. Lakini kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Maji yakapungua, yakapungua, mpaka Kiboko akilala katikati, mgongo unabaki nje. Jua likauchoma mgongo. Mgongo ukapauka, kisha ukababuka. Na kwenye paji la uso zikamtoka chunusi saba, kila moja kubwa kama kunazi.

Kiboko hakulilaumu jua. Alisema ni bata, manyoya yao yanamwasha. Bata wakafukuzwa. Mgongo ukaendelea kubabuka. Akasema basi ni Kobe, gamba lake linamkwaruza. Kobe akafukuzwa. Mgongo ukaendelea kubabuka. Akasema basi ni Kambare. Kambare hakuwa na miguu ya kuondokea, akajichimbia matopeni akanyamaza.

"Ngozi yangu ni nyepesi," Kiboko alimwambia kila aliyepita. "Haivumilii wenzangu."

Ngozi yenyewe ilikuwa nene kiasi kwamba mbung'o akiiuma anaondoka na mdomo uliopinda. Lakini nani amwambie?

Mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha siku Bi Chura alipotaga mayai, mia na kitu, penye kina kifupi katikati ya matete. Mwaka uliotangulia alitaga palepale, Kiboko akajigeuza usingizini, halikubaki hata yai moja. Hakuomba radhi. Alisema kuna kitu kimemtelezesha akaamka vibaya.

Safari hii aliyaona mapema. Akayanusa, akajikuna paji la uso, akasema kumbe.

"Hivi vitu vyako vya utelezi ndivyo vinavyonitoa chunusi. Kesho jua likichomoza nitavisukumia nje vikauke."

Bi Chura hakulia. Alikuwa ametaga tangu usiku na hajatia kitu tumboni, nguvu za kulia angezitoa wapi. Alihesabu tu. Mayai yapasuke, watoto waogelee, waote miguu, watoke majini wenyewe: mpaka mwezi uwe mpevu. Siku kumi na nne. Na yeye amepewa moja.

Kwanza alijaribu kusema kweli. Kila mama hujaribu hivyo kwanza.

"Bwana Kiboko, mayai hayamtoi mtu chunusi. Ngozi yako inataka vitu vitatu. Mchana ukae kivulini. Ujipake matope mabichi. Na uache kujisugua kwenye mawe. Basi."

Kiboko alicheka mpaka matete yakalala. "Hiyo ndiyo dawa? Hiyo hata nguruwe anaijua."

"Na nguruwe ana chunusi?"

"Sijamtazama nguruwe usoni."

Akaeleza, kwa kirefu, kwamba dawa nyepesi ni ya wenye ngozi ngumu. Mwenye ngozi nyepesi anahitaji dawa ngumu, yenye siku zake na masharti yake, dawa ambayo si kila mtu anaijua. Bi Chura akamtazama. Akayatazama mayai. Akasema moyoni, haya, masharti umeyataka mwenyewe.

"Ipo," alisema. "Ninayoitumia mimi."

Akageuka amwoneshe mgongo. Ulikuwa unang'aa, na Kiboko akasahau kwamba unang'aa kwa sababu umetoka majini sasa hivi.

"Masharti yake?" aliuliza, na sauti imeshalainika.

"Siku ya kwanza haipakwi mwili mzima. Inapakwa tone moja nyuma ya sikio, unasubiri mpaka kesho yake kuona kama ngozi imeikubali. Siku ya pili unapaka udongo wa kichuguu uso mzima. Unakaa nao mpaka ukauke na udondoke wenyewe. Usiseme. Usicheke. Usipige miayo. Ukipasuka, tunaanza upya. Na muda wote huo huingii bwawani. Ukigusa maji hata kwa kidole, tunaanza upya."

Kiboko akatoka majini. Pwata, pwata, pwata. Akaenda akakaa chini ya mkuyu. Bwawa likatulia.

Siku ya kwanza, Bi Chura alimpaka utomvu wa mshubiri nyuma ya sikio la kushoto. Kiboko akasubiri. Siku ya pili akapakwa udongo. Udongo ulibebwa na Bi Chura juu ya jani, kichuguuni mpaka mkuyuni, chupu, chupu, chupu, mara arobaini, kwa sababu Kiboko alisema mtu mwenye ngozi kama yake hawezi kushika kazi ya udongo. Akapakwa uso mzima. Akakaa kimya. Jua likapanda. Udongo ukaanza kukauka.

Sasa, kiboko ni mnyama ambaye kazi yake kubwa ya mchana ni kupiga miayo.

Aaaaah.

Kra!

"Umepasuka," alisema Bi Chura. "Tunaanza upya."

"Kuanzia kwenye udongo?"

"Kuanzia kwenye sikio."

Siku ya tatu, asali, sikio la kulia. Nyuki wakaja kuuliza mali yao. Siku ya nne, udongo, mara arobaini, chupu, chupu, chupu. Jua likapanda. Udongo ukaanza kukauka.

Aaaaah.

Kra!

"Umepasuka. Tunaanza upya."

Siku ya tano, shubiri tena. Siku ya sita, udongo. Aaaaah. Kra! Tunaanza upya.

Huku bwawani mayai yalipasuka, viluwiluwi wakatoka, weusi, vichwa na mikia mitupu, wakawa wanazunguka kwenye maji matulivu. Na kule mkuyuni, kwa kukaa nje ya maji, mgongo wa Kiboko ulizidi kupauka. Alilalamika. Bi Chura akamjibu kwamba ni ngozi ya zamani inaaga. Alilalamika kwamba inawasha.

"Inawasha kidogo au sana?"

"Sana."

"Basi inafanya kazi."

Bi Chura aliona haya kulisema neno hilo, maana halijawahi kuwa kweli hata siku moja. Lakini ndilo Kiboko alilolipenda kuliko yote. Alilirudia kwa kila ndege aliyetua mkuyuni. Inawasha, inafanya kazi. Na katika siku zote hizo hakumuuliza mara moja yule aliyekuwa akimbebea udongo, je, mama, umekula?

Siku ya saba ilikuwa ya ukwaju. Bi Chura alimwambia tone moja, nyuma ya sikio. Akaenda kuwatazama watoto. Kiboko akafikiri: kama tone moja linafaa, kwa nini nisipake ukwaju wote? Akapaka wote. Akapaka na juu ya chunusi, na kwenye ngozi iliyobabuka.

Mlio wake ulifika mpaka kwa waliofukuzwa. Akatoka mbio, ardhi inatetemeka, du, du, du, du, moja kwa moja bwawani, penye kina kifupi, penye matete. Mguu wa mbele ulikuwa umeshanyanyuliwa juu ya maji. Chini ya mguu, watoto mia na kitu wasio na miguu ya kukimbilia.

Bi Chura alikuwa ameketi ukingoni. Hakusimama. Hakupaza sauti.

"Ingia tu, Bwana Kiboko. Umevumilia siku saba, zitapotea zote, lakini ni zako. Ukitoka tutaanza siku ya kwanza."

Mguu ukabaki hewani. Kiboko alifikiri zile siku saba, nyuki, jua, udongo. Mtu akishateseka kwa ajili ya dawa hawezi kukubali kwamba ilikuwa bure. Akaurudisha mguu pale ulipotoka.

Bi Chura akachovya jani majini, akamfuta uso. Akachovya, akamfuta, mpaka adhuhuri. Mwasho ukatulia.

"Hii ni dawa gani?" aliuliza Kiboko, amefumba macho kwa raha.

"Maji."

Kiboko akatabasamu kwa upande mmoja. Alisema anaelewa, kila mtaalamu ana siri yake, hatamlazimisha kuitaja.

Basi wakaendelea. Sikio, udongo, kra. Sikio, udongo, kra. Siku ya kumi na tatu watoto wa Bi Chura walikuwa na miguu minne, wakatoka majini mmoja mmoja, chupu, chupu, wakaingia majanini. Wote isipokuwa mmoja, wa mwisho, anaitwa Sikudhani. Yeye alikuwa na miguu ya nyuma miwili tu na mkia mrefu, na kutwa alikuwa akijitazama kwenye maji yalipong'aa. Mama yake alimwomba aharakishe. Akajibu kwamba anakuja.

Siku ya kumi na nne ilikuwa siku ya udongo, na siku hiyo Kiboko hakupiga miayo.

Alikuwa ameamua. Alibana taya, akabana na macho. Jua likapanda, udongo ukakauka. Jua likasimama, udongo ukawa mweupe. Jua likateremka, na kwenye kidevu kipande cha kwanza kikadondoka chenyewe bila kupasuka, tap. Kingine, tap. Vikidondoka vyote, dawa imekwisha, na mgonjwa anarudi majini kwa kishindo. Na majini bado yumo mmoja mwenye miguu miwili.

Bi Chura akatafuta uongo mwingine kichwani, akakuta hamna. Alikuwa ametumia wote. Siku kumi na nne hajalala sawasawa. Alikuwa amebeba kichuguu kizima, jani kwa jani. Akaketi mbele ya Kiboko, akaufungua mdomo aseme lolote, na badala ya neno ukatoka mwayo.

Haukuwa wa kuigiza. Ulikuwa mwayo wa mama. Ulianzia kwenye nyayo, ukapanda magotini, ukazunguka tumboni, ukatoka taratibu, mpana kuliko yeye mwenyewe, na ulipokwisha ukafuatwa na mdogo wake.

Kiboko aliutazama. Akabana taya. Shingo ikamtetemeka. Pua zikapanuka.

Aaaaaaaaaah.

Kra! Kra-kra-kra!

"Umepasuka," alisema Bi Chura, akijifuta machozi ya usingizi. "Tunaanza upya."

Kule kuanza upya kulimpa siku mbili, na Sikudhani alizitumia zote. Jioni ya pili akatoka majini, miguu minne, mkia umebaki kidogo tu, akamuuliza mama yake kwa nini ana uso wa kuchoka namna ile. Bi Chura alimpeleka majanini kwa ndugu zake. Alikwenda mkuyuni akamwambia Kiboko kwamba amepona, arudi nyumbani.

Pwaaa!

Wiki ile mvua ikanyesha, bwawa likajaa. Kiboko akalala majini mwili mzima, matope mabichi mgongoni, na kwa kuwa sasa alijiona mzuri, hakujisugua tena kwenye mawe. Baada ya siku chache mgongo ulikuwa laini. Zile chunusi saba zikanywea. Akawaita bata warudi. Akamwita Kobe arudi. Hakuwaita kwa huruma, alitaka watu wa kumsikiliza. Tangu hapo bwawa ni la wote, na kila asubuhi wote wanasikia habari za shubiri, asali, ukwaju na kichuguu, na jinsi inavyowasha inapofanya kazi.

Miezi ikapita. Sikudhani akakua, akafika ule umri, akatokwa na vipele viwili mgongoni na kimoja puani. Akamwendea mama yake. Mama yake akamwambia vitu vitatu. Mchana kaa kivulini. Nawa kwa maji. Usivitumbue.

Sikudhani alimtazama kwa masikitiko makubwa.

"Mama, hiyo hata nguruwe anaijua."

Akaondoka, chupu, chupu. Jioni Bi Chura alimkuta chini ya mkuyu kwa Kiboko, uso mzima umepakwa udongo wa kichuguu, ameketi wima hatikisiki. Kando yake jani lenye utomvu wa shubiri, na Kiboko akimwelekeza kwa upole kwamba asubiri mpaka kesho aone kama nyuma ya sikio pamekubali.

"Mwanangu," alisema Bi Chura. "Nyuma ya sikio lipi? Wewe ni chura."

Sikudhani hakujibu. Ukijibu, unapasuka.

Kiboko naye akawa anawatazama, huyu kichwani na yule kichwani, kana kwamba anatafuta kitu alichokiweka mahali akasahau.

Bi Chura hakubishana. Alivuta jiwe, akaketi mbele ya binti yake, uso kwa uso. Siku ilikuwa ndefu na alikuwa amechoka. Akaufungua mdomo taratibu, akapiga mwayo.

Kra!

Kra!

Kra ya pili ilikuwa ya Kiboko. Kumbe naye alijipaka kidogo.

Funzo lake? Funzo ni kwamba ukitokwa na chunusi usimsikilize mama yako, mama anajua maji tu. Muulize kiboko. Na ikiwasha, ongeza.

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikikulainisha, ipake. Ikikubabua, nawa kwa maji ukalale.