Nyigu Hagawanyiki

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni zamani ambayo matairi yake bado hayajaoza, alikuwepo fundi mmoja juu ya mlima wa Kwemhunga, jina lake Shekue. Alikuwa na mke, mke akatangulia. Alikuwa na watoto watatu, wawili wakashuka mlima kutafuta maisha. Akabaki na binti yake mkubwa, Zaina, na akabaki na Nyigu.

Nyigu hakuwa mdudu. Alikuwa pikipiki ya magurudumu manne, ya mbio, si ya kubebea kabichi, yenye injini ndogo inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Mpima misitu mmoja alimwacha mlimani akiwa ameungua pistoni, akasema hafai tena. Fundi Shekue akamfanya afae. Kila Ijumaa baada ya swala alimpanda hadi Jiwe Jeupe, kule kileleni, na kurudi, na watu waliokuwa mashambani, hata wale wasioona njia kwa ukungu, walisikia ile sauti nyembamba yenye hasira wakasema, "Haya, Nyigu amelia. Ijumaa imeiva."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kesi ilipo. Ndani ya kabureta ya Nyigu kulikuwa na jeti, kijipande cha shaba kama punje ya hindi, chenye tundu katikati. Petroli yote ya kukimbilia ilipita hapo. Tundu likiwa kubwa, Nyigu anapaliwa na kutoa moshi mweusi. Tundu likiwa dogo, anapiga kelele tamu, anakimbia vizuri, kisha anaunguza pistoni. Na hewa ya mlimani ni nyepesi, hutaka jeti ndogo. Hewa ya bondeni ni nzito, hutaka jeti kubwa. Fundi Shekue alijua hivyo kwa vidole vyake, na Zaina alijua hivyo kwa daftari, kwa kuwa ndiye aliyeandika kila alichofanya baba yake: tarehe, ukungu au jua, namba ya jeti, mizunguko ya skrubu ya hewa, na rangi ya plagi ilipotolewa, maana nyeusi ni kupaliwa, nyeupe ni kuungua, na ya chai ya maziwa ndiyo afya.

Na jambo aliloliandika zaidi ya yote lilikuwa hili: Fundi Shekue hakumzima Nyigu kwa ufunguo. Alifunga koki ya petroli, akamwacha anywe kilichobaki ndani ya bakuli la kabureta mpaka kikauke. Kabla ya kuzimika Nyigu alipandisha sauti, juu, juu zaidi, nyembamba kama uzi, kisha kimya. "Usimlaze na petroli kooni," mzee alisema. "Itamgandia."

Siku zikaenda, mzee akalala kitandani. Watoto wakaitwa. Akaja Hatibu, wa pili, mwenye karakana ya pikipiki bondeni. Akaja Mwanjaa, kitindamimba, aliyekuwa akipeleka dawa za zahanati kwa pikipiki huko bara, na siku za mapumziko akiazima vyombo vya watu aende kwenye mashindano ya vumbi.

"Nyigu hagawanyiki," mzee akawaambia. "Mmoja hatachukua matairi, mwingine usukani. Mwaka ukitimia, kutaneni hapa mumwashe. Akipanda hadi Jiwe Jeupe na plagi ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, amchukue yule ambaye bila yeye Nyigu asingelia."

"Tutamjuaje, Baba?" akauliza Zaina, maana hakupenda neno lisiloandikika.

"Mtamjua," akasema mzee, akafumba macho.

Kesho yake Hatibu akashuka kufuata dawa, Mwanjaa akashuka kuomba ruhusa kazini. Chumbani akabaki Zaina peke yake. Alfajiri ya pili pumzi ya baba yake ikapanda, juu, juu zaidi, nyembamba kama uzi, kisha kimya.

Watu wakaja, watu wakazika, watu wakala arobaini, watu wakaondoka. Hatibu akashuka. Mwanjaa akashuka. Zaina akabaki na nyumba ya vyumba vitano. Asubuhi alijikuta ameandaa vikombe viwili, akarudisha kimoja. Ukungu ulipanda saa nane ukafunga madirisha, na kutoka hapo mpaka kesho yake hakuna aliyemwita jina lake.

Ijumaa ya kwanza baada ya arobaini akaenda bandani, akafungua koki, akapiga kiki. Ya nne Nyigu akawaka. Nyumba ikajaa. Mama mmoja jirani akasimama shambani na jembe lake, akajifuta macho. Zaina akakaa dakika tano akimsikiliza. Ukafika wakati wa kumzima. Akashika koki, akakumbuka ile sauti ya mwisho itakavyopanda, na mkono ukakataa. Akamzima kwa ufunguo.

Ijumaa ya pili, vivyo hivyo. Ijumaa ya tatu, vivyo hivyo. Alipofika Ijumaa ya thelathini na moja akachungulia tangi, akaona imebaki petroli kidogo, ile aliyoichanganya baba yake kwa mkono wake. Hakutaka iishe. Akaacha kumwasha. Kutoka hapo kila Ijumaa alimzungusha tu kwa kiki tatu bila ufunguo, ukungu usije ukashikamanisha pistoni na silinda, kisha akarudi ndani.

Mwaka ukatimia. Hatibu akaja na sanduku la spana. Mwanjaa akaja na kofia ngumu.

"Dada Zaina, umekonda," akasema Mwanjaa.

"Mlima una baridi."

"Mlima, au umekuwa ukila karatasi za lile daftari?" akadakia Hatibu. "Nasikia hata chumvi ya mboga unaiandikia tarehe."

"Naandika. Mara ya mwisho wewe kupiga simu ni tarehe kumi na tisa mwezi wa nne. Niendelee?"

Hatibu akacheka, lakini si sana. Wakaenda bandani. Hatibu akapiga kiki, Nyigu kimya. Mwanjaa akapiga kiki, kimya. Zaina hakupiga. Hatibu akaifungua kabureta, akaishusha chini ya mwanga, akalitoa bakuli. Ndani kulikuwa na ute wa manjano unaonata kama ulimbo, umeziba tundu la jeti ya pili, ile ndogo ya kuwashia.

"Huyu amelazwa na petroli kooni," akasema. Akatikisa kichwa. "Mzee naye. Siku zile za mwisho akili haikuwa yake. Alisahau koki. Amemuua Nyigu wake mwenyewe, maskini."

"Tumwombee tu," akasema Mwanjaa.

Zaina alikuwa amesimama mlangoni. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Marehemu hana cha kujibu. Akaingia ndani, akarudi na daftari, akalifungua kurasa za mwisho.

"Soma," akamwambia Hatibu.

Hatibu akasoma. "Ijumaa ya kwanza baada ya arobaini. Ukungu. Amewaka kiki ya nne. Nimezima kwa ufunguo." Akafunua. "Ijumaa ya pili. Nimezima kwa ufunguo." Akafunua tena, akafunua tena. Akalifunga. "Dada! Mtoto wa fundi mzima! Koki iko hapa, chini ya goti lako. Kwa nini?"

"Ile sauti anayopandisha kabla ya kuzimika. Wewe hukuwepo chumbani, Hatibu. Mwanjaa hakuwepo. Mimi nilikuwepo."

Hatibu akachukua tangi, akaimwaga ile petroli kuukuu chini ya mgomba. Zaina akaitazama ikinywewa na udongo mpaka ikaisha.

Basi Hatibu akafanya kazi, na tusimpunje, alifanya kazi ya mtu. Alichemsha vyuma, akazibua tundu la jeti ndogo kwa unywele wa brashi, si kwa waya, maana waya hulipanua. Akapuliza, akatazama juani, akapuliza tena. Saa tatu nzima. Akachanganya petroli mpya, akafunga kila kitu, akapiga kiki. Nyigu akawaka!

Lakini Mwanjaa akainamisha kichwa. "Siyo yeye."

"Siyo yeye nani? Huoni anawaka?"

"Anawaka, lakini huyu ana mafua. Mvute mafuta, usikie." Hatibu akavuta. Nyigu akakohoa, akaguguma, akatoa moshi mweusi. "Umesikia? Akinguruma polepole yuko sawa. Ukimvuta hadi mwisho anapaliwa. Baba hakuwa na sauti hii."

"Baba hakuwa na sauti hii," Hatibu akamwigiza. "Masikio kama ya popo. Labda sindano ya kabureta iko juu, nitaishusha."

"Siyo sindano. Sindano ingemfanya akohoe katikati, mafuta yakivutwa nusu. Huyu anakohoa mwisho."

Ndipo Zaina akauliza, "Umemtia jeti kubwa, ile ya kukimbilia, ya namba ngapi?"

"Mia na hamsini. Ile ya mzee ilikuwa mia na arobaini, nikaona alikuwa anabana matumizi. Kwangu vyombo vya namna hii vyote navitia mia na hamsini, havijawahi kunilalamikia."

"Kwako wapi?"

"Bondeni."

"Na hapa ni wapi?"

Mwanjaa akacheka mpaka akakaa chini. Zaina akafunua ukurasa wa zamani, akamwonyesha mwandiko wake wa utotoni: mlimani mia na arobaini, bondeni mia na hamsini, ukikosea utajuta. Hatibu akaingiza mkono kwenye kopo la mafuta ya taa, akaitoa jeti ya baba yake, akairudisha mahali pake. Mwanjaa akainama na bisibisi ndogo, akaigusa skrubu ya hewa, robo ya mzunguko, nusu ya robo, akitega sikio, mpaka sauti ikatulia.

Zaina akashika nguzo ya banda. Ilikuwa ndiyo ile sauti ya baba yake.

Mwanjaa akavaa kofia, akapanda. Akakaza mafuta kutoka bandani hadi Jiwe Jeupe, na mabonde yakarudisha ile sauti nyembamba yenye hasira. Juu kabisa, mafuta yakiwa yamekazwa, akakata moto, akaitoa plagi pale pale ili isibadilike rangi. Akateremka na Nyigu kwa mserereko, bila injini, hadi bandani, akawaonyesha plagi kiganjani. Chai ya maziwa.

Hatibu akasema, "Haya, neno la Baba ni neno. Nyigu alikuwa maiti. Bila mkono wangu angelia? Asingelia. Nampeleka bondeni, namtia mia na hamsini, awe kwenye karakana yenye jina la Shekue, wateja waone kazi ya mzee."

Mwanjaa akasema, "Mkono wako ulimpa mafua. Bila sikio langu ungemwacha akohoe mpaka leo, na ungesema amepona. Nani alijua kosa liko mwisho, si katikati? Nani alimpandisha? Bila mimi angelia? Asingelia. Mimi ninaazima vyombo vya watu, Kaka. Nikishinda, wanasifiwa wao. Na Nyigu ni wa mbio. Kumfungia bandani ni kumzika."

Wakamgeukia Zaina.

"Mimi nilimgandisha," akasema. "Hilo liandikwe kwanza. Lakini namba ilitoka kwangu. Na pistoni imetembea mwaka mzima kwa mguu wangu. Bila mimi angelia? Asingelia. Mnamtaka bondeni, mnamtaka bara. Akishuka mlima huu lazima jeti ya Baba itolewe, ama aungue. Akiwa na jeti nyingine ataunguruma vizuri tu, lakini ile sauti haipo duniani ila hapa."

"Aliyemuua hawezi kumrithi," akasema Hatibu.

"Kaka, ungeikuta pistoni imeota kutu, unywele wa brashi ungekusaidia nini?" akasema Mwanjaa. Kisha akamgeukia dada yake. "Lakini na wewe, Dada. Tulitaka uteremke ukae nasi. Ulikataa. Unamtaka Nyigu, au unataka Baba asife?"

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na Nyigu, aliyewashwa tena baada ya plagi kurudishwa, alikuwa akinguruma taratibu katikati yao. Mkono wa Hatibu ukaenda kwenye ufunguo. Zaina akauzuia.

Akapiga goti, akafunga koki.

Wakasubiri. Nyigu akanywa kilichobaki. Sauti ikapanda, juu, juu zaidi, nyembamba kama uzi. Hatibu akainamisha kichwa. Mwanjaa akamshika dada yake bega. Zaina hakuziba masikio. Alisikiliza mpaka mwisho.

Kisha kimya, na ukungu ukafunga banda, wakawa hawaonani nyuso.

Kesho asubuhi gari la kushuka linaondoka, na jina moja lazima litajwe. Mkono ulimzibua, ukampa mafua. Sikio lilimponya, lakini mwaka mzima halikuwepo. Daftari lilimlinda, na mwenye daftari ndiye aliyemgandisha. Mzee alisema, amchukue yule ambaye bila yeye Nyigu asingelia.

Nyinyi mliosikia yote, semeni sasa: je, nani alistahili kuondoka na Nyigu, au kubaki naye?