Mkongojo wa Bibi Wande

Ukimpa jirani mkongojo, usimchagulie njia. Methali hiyo mmeisikia leo redioni, yule bwana alipokuwa akizungumzia mataifa makubwa na misaada yao, nanyi mkaniuliza ni nani aliyeitamka kwanza. Mimi niliipata kwa bibi yangu, naye aliisimulia hivi.

Palikuwa na nchi mbili zilizopakana, Ulungwe na Mavule. Ulungwe ilikuwa nchi kubwa, yenye mashamba ya bondeni, ng'ombe wengi, na mikuki mingi kuliko nchi zote za jirani. Mavule ilikuwa vilima vitano tu na watu wake walikuwa wafua majembe. Hata hivyo, watu wa nchi hizo mbili walikuwa watani. Mlungwe akifika msibani Mavule, aliweza kumsema marehemu kwa uvivu wake mbele ya wafiwa. Mmavule akifika harusini Ulungwe, alijipakulia nyama ya bwana harusi. Hakuna aliyenuna.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha vilimani, na watu wa Mavule wakawa wanachimba mizizi porini. Mtemi Magembe wa Ulungwe aliposikia hakungoja kuombwa. Alipeleka mizigo mia ya mtama, na watu wakala. Lakini mizigo ya pili ilipokuwa ikifungwa, jemadari wake, Shilungu, alisimama barazani. Alisema kwamba watu wa Kapalala, maadui wa Ulungwe, hupita Mavule wapendavyo na kukaribishwa kama ndugu. Wafunge kwanza njia ya Kapalala, alisema, ndipo wale. Mtemi aliliona neno hilo lina maana, akamwita mjumbe wake, Luhende.

Luhende alikuwa mjumbe kwa miaka ishirini. Alikuwa amebeba maneno matamu na machungu, na yote hayakumkosesha usingizi. Akiulizwa, husema kwamba mjumbe ni mtungi, na mtungi hauulizwi ladha ya maji. Basi akalipokea neno la Mtemi, akaondoka na wapagazi wawili.

Akishuka kilima cha pili aliteleza juu ya jiwe, goti likavimba kama boga. Aliingia Mavule akiwa ameshikwa kwapani huku na huku. Bibi Wande, aliyekuwa mkuu wa Mavule, alimtazama akasema kwamba safari hii Ulungwe wamewaletea nyama, ila imezeeka mno. Kisha akamlaza nyumbani kwake mwenyewe. Kwa siku tatu alimkanda goti kwa mafuta ya mbarika yaliyopashwa moto, huku akimtania kuhusu uzito wake.

Luhende alilala pale akiona mambo. Aliona uji ukipikwa mara moja tu kwa siku. Aliona Bibi Wande akisukuma bakuli lake kwa wajukuu, akisingizia kwamba tumbo linamsumbua. Neno la Mtemi akaliahirisha siku baada ya siku. Siku ya tatu akalitoa, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Bibi Wande alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alisema tu kwamba binti zake wawili wameolewa Kapalala, na kwamba chuma cha majembe yao hutoka huko huko. Akaomba apewe siku moja azungumze na wazee wake.

Kesho yake akamletea Luhende mkongojo wa mpingo, uliokuwa wa marehemu mumewe, akamsindikiza mpaka njia panda. Njia moja ilishuka mtoni, fupi. Nyingine ilizunguka kwa juu, ndefu.

"Utapita ipi, mtani?" akauliza.

"Ya juu. Ya mtoni ina mawe, na goti hili nalijua mwenyewe."

"Mimi nataka upite mtoni."

Luhende akacheka. "Kwa nini nipite mtoni?"

"Kwa sababu mkongojo ni wangu. Ukikataa, nirudishie, utambae."

Luhende alingoja acheke, kama watani wachekavyo. Bibi Wande hakucheka. Ndipo mzee yule alipoelewa, na uso ukamwiva. Akautazama mkongojo wa mtu aliokuwa ameuegemea.

Bibi Wande akamwekea vizuri nguo yake begani, akasema kwa upole, "Nenda, Luhende. Mkongojo ni wako, pita utakako. Mwambie Mtemi mtama wake tuliula kwa shukrani, na shukrani hiyo haitaisha hata tukifa njaa. Njia ya Kapalala hatuifungi."

Safari ya siku mbili ilimchukua siku nne. Njia nzima Luhende alishindana na nafsi yake. Angeweza kusema tu kwamba wamekataa, kisha aende nyumbani kwa mkewe akapumzike. Alipofika barazani alitoa jibu la Mavule neno kwa neno. Kisha akafanya jambo ambalo hajapata kulifanya: akaomba ruhusa aseme lake. Wazee wakanong'onezana. Mtemi akaitikia kwa kichwa, na Luhende akasimulia habari ya njia panda.

Shilungu akajibu kwamba mambo ya nchi si mambo ya magoti, na kwamba adui aliyeachiwa njia ataitumia. Hayakuwa maneno ya mpumbavu. Mwaka uliopita watu wa Kapalala walikuwa wamewaua vijana watatu mpakani, na mmoja wao alikuwa mtoto wa dada yake.

"Unasikia, Luhende?" Mtemi akauliza. "Kapalala wakitujia kwa njia ile, tufanye nini?"

"Tulinde mpaka wetu kwa mikuki yetu, Mtemi, si kwa njaa ya wajukuu wa Bibi Wande." Kisha akauliza, "Ule mtama wa kwanza tuliupeleka kwa nini?"

"Walikuwa na njaa."

"Bado wana njaa, Mtemi."

Mtemi Magembe akasema kwamba mjumbe mwenye neno lake mwenyewe hafai kutumwa tena, na siku ile ile Luhende akavuliwa ujumbe. Lakini asubuhi wapagazi waliitwa, na mizigo yote ikaenda Mavule bila sharti lolote. Mpakani walinzi waliongezwa, na Shilungu mwenyewe akawa mkubwa wao.

Luhende aliufuata msafara ule akichechemea, hajatumwa na mtu. Bibi Wande aliposikia kwamba amevuliwa ujumbe, akamwambia kwamba sasa hana kazi, kwa hiyo aje amchotee maji. Naye akaenda kweli, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu njaa iingie.

Njia ya Kapalala haikufungwa kamwe. Wala msidhani kwamba mambo yalinyooka. Miaka kadhaa baadaye wezi kutoka Kapalala walipita njia ile ile, wakachukua ng'ombe sita wa Ulungwe. Shilungu, aliyekuwa sasa na mvi, akaja barazani akasema, "Nilisema mimi." Akataka Mavule waadhibiwe, kwa kuwa walikula mtama wa Ulungwe.

Mtemi Magembe alikuwa mzee, macho yake hayaoni vizuri. Hakubisha kwamba ng'ombe wameibwa. Aliamuru wezi wafuatwe popote walipo. Lakini kuhusu Mavule alishusha pumzi, akasema polepole, kama mtu anayekiri jambo lililomchukua miaka kulikubali:

"Waacheni watani wangu. Ukimpa jirani mkongojo, usimchagulie njia."