Gongo la Ambakisye

"Gongo lililolazwa hupiga tisa." Mmemsikia mjomba wenu akimwambia hivyo fundi seremala aliyempokonya mwanafunzi wake nyundo, mkacheka mkidhani anasema gongo la chupa, ile pombe haramu. Hapana, wajukuu zangu. Gongo hili ni la mti, tena lina mwenyewe. Sogeeni mjue lilikotoka.

Alikuwepo huku kwetu Tukuyu kijana mmoja, Ambakisye, aliyejaliwa jicho. Wajapani walipoleta shuleni mchezo wao wa besiboli, ambao mmoja anarusha mpira mdogo na mwingine anaupiga kwa gongo kisha anakimbia kuzunguka uwanja, yeye aliupiga mpaka ukapotelea migombani. Wakamchukua kwao, akacheza kwa mshahara miaka na miaka. Mama yake akiulizwa sokoni mwanawe anafanya kazi gani huko ughaibuni, alijibu kwa fahari kwamba anaishi kwa gongo. Akina mama wakampa pole.

Magoti yalipochoka, Ambakisye alirudi nyumbani na mkewe, Tumpe, na gongo lake moja lililong'aa kwa kushikwa. Mji ukamkabidhi timu ya vijana tisa awe kocha wao.

Sasa, besiboli ina ajabu yake: kocha huvaa jezi ile ile ya wachezaji. Ambakisye akishaivaa, moyo wake ulikataa kabisa kwamba amestaafu. Alisimama pembeni ya uwanja, gongo mkononi, na kila kijana akienda kupiga, naye alipiga hewa, huku akifoka juu ya bega na kiuno na goti. Wale vijana walimpenda mno, hawakutaka kumkosea. Basi wakawa wanakodolea macho gongo lake, mpira unawapita.

Wakashindwa, wakashindwa tena. Wazee wa mji wakasema mchezo wa Jumamosi na vijana wa Mbeya ukipotea, kiwanja kinarudi kwa watu wa kandanda. Ambakisye chakula kikamshinda. Kazi nyingine hakuijua, na aliogopa kuwa mtu anayeonyeshwa watoto kwa kidole, kwamba yule zamani alikuwa fulani.

Asubuhi ya mchezo Tumpe alimkuta analisugua gongo kwa mafuta.

"Baba Lusajo, hilo gongo lako limekuwa baba mkwe."

"Kivipi?"

"Mimi nilipoolewa, baba yako akitokea njiani nilikuwa nafanyaje?"

Ambakisye akatabasamu. Kwa desturi yetu ya zamani, sisi Wanyakyusa, mke hakukutana uso kwa uso na baba mkwe, na Tumpe aliwahi kuitupa ndoo ya maji akajitosa kwenye mahindi.

"Uliacha kila kitu ukajificha."

"Basi na vijana wako ni hivyo hivyo. Likionekana tu, wanaacha kazi iliyo mbele yao. Nipe mimi nilibebe."

Ambakisye alilitazama lile gongo.

"Nimekula kwa hili, Mama Lusajo. Nikiliweka chini nitabaki nani?"

"Utabaki kocha. Lete hapa."

Uwanjani Tumpe akaketi karibu na benchi la timu, gongo amelivingirisha kwenye kitenge na kulipakata kama mtoto mchanga. Vijana wakatazama pembeni kama walivyozoea, wakamwona kocha wao amekaa, mikono mitupu ameikalia. Hapakuwa na cha kuiga. Wakageuka kuutazama mpira. Wa kwanza akapiga, wa pili akapiga, na shangwe ikaanza kuzunguka.

Ikafika zamu ya mwisho, timu zimelingana, na anayepiga ni Gwakisa, dhaifu kuliko wenzake wote. Akakosa. Akakosa tena, na mara ya tatu ingekuwa ndiyo basi. Ambakisye akashindwa kuvumilia. Akainuka, akamfuata mkewe, mkono ameunyoosha. Tumpe akaweka kidole mdomoni.

"Mtoto amelala, Baba Lusajo. Usimwamshe."

Waliokaa jirani wakaangua kicheko, naye akajikuta anacheka, mgongo ameupa uwanja. Hapo ndipo akasikia nyuma yake ule mlio mkavu wa gongo na mpira, mlio alioujua kuliko jina lake. Alipogeuka, Gwakisa anakimbia, na mpira umo migombani.

Siku ile hakuna hata mmoja kati ya wale tisa aliyetoka bila kupiga, na kiwanja kikabaki chao. Walipofika nyumbani Tumpe akamrudishia gongo lake. Ambakisye hakulipokea. Alisema liachwe liendelee kulala, maana tangu alishike halijapata kupiga kama lilivyopiga likiwa usingizini.

Basi fundi akimpokonya kijana nyundo, mwacheni mjomba wenu aseme. Gongo lililolazwa hupiga tisa.