Nyamizi, Mshale na Komeo

Masikio yenu yako wapi?

Yapo hapa.

Yamefunguliwa?

Yamefunguliwa.

Basi ngano inapita, msiizibie njia.

Hapo kale, kale ya kale, wakati wanyama walikuwa bado wanapiga hodi kwenye nyumba za watu, alikuwako mama mmoja jina lake Nyamizi. Alikaa ukingoni mwa msitu, pahali ambapo jirani wa karibu hakusikii hata ukimwita kwa sauti yako yote. Mume wake, Kasanda, alikwenda msituni kurina asali, na kurudi kwake kulikuwa mpaka mvua za kwanza. Pale nyumbani alibaki Nyamizi, na mama mkwe wake Bibi Nzile, aliyekuwa na magoti mabovu, na mbuzi wachache, na mtoto Kabula ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Mwaka ule jua lilikuwa kali. Majani yalikauka, mito ikakauka, wanyama wa porini wakakonda. Na mnyama aliyekonda haoni haya.

Mchana mmoja Nyamizi alikuwa akipepeta mtama. Akasikia sauti nyuma ya ua wa miiba, sauti laini, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Hodi, mama Kabula. Baba Kabula yupo?"

Nyamizi akatazama. Akaona macho mawili katikati ya miiba. Alikuwa Fisi.

Akajibu, "Yupo. Yuko ndani amelala."

"Haya. Akiamka mpe salamu zangu." Fisi akaenda zake.

Siku nyingine akaja tena. "Hodi, mama Kabula. Baba Kabula bado amelala? Mbona viatu vyake sivioni mlangoni?"

Nyamizi akasema, "Amelala navyo." Fisi akaenda zake.

Mara ya tatu hakuuliza habari za baba. Alisema, "Hongera, mama Kabula. Nimeona nyayo ndogo kule kisimani. Kumbe mtoto ameanza kutembea."

Kisha akacheka, akaenda zake taratibu, kama mtu asiye na haraka.

Nyamizi akakaa chini.

"Mama," akamwambia Bibi Nzile, "hapa pasipokuwa na mbwa, tutaliwa."

Kesho yake akamfunga Kabula mgongoni, akaenda kwa mzee Lugoye, baba mdogo wa mume wake, aliyekuwa mwindaji na mfuga mbwa. Lugoye alikuwa amebakiwa na mbwa wawili wa kutoa. Mmoja alikuwa mrefu, mwembamba, miguu kama ya swala. Jina lake Mshale. Wa pili alikuwa mfupi, mnene wa kifua, macho hayatulii. Jina lake Komeo.

"Mkwe wangu," akasema Lugoye, "hawa wote wawili hawajui kukaa. Usidhani utapata mbwa wa kulala kivulini. Nenda nao wote, uwatazame, kisha uchague mmoja. Kwa kiangazi hiki wawili huwezi kuwalisha."

Nyamizi akamuuliza Mshale, "Wewe unajua nini?"

Mshale akasema, "Mama, kikikimbia kitu, nami nakimbia. Sijaona cha kunishinda mbio."

Akamuuliza Komeo, "Na wewe?"

Komeo akasema, "Mimi napenda wote wawe pamoja. Mmoja akiwa pembeni, chakula hakinipiti."

Wakaenda nao nyumbani.

Mshale alikuwa mbwa wa kupendeza. Asubuhi alileta kanga. Jioni alileta sungura. Alicheza na Kabula, akimlamba mashavu, na Kabula akacheka. Nyamizi alimtazama akikimbia uwandani, akajisikia amepona.

Komeo alikuwa na mambo mengine. Kutwa alizunguka ua, anazunguka, anazunguka, mpaka ukimtazama unashikwa na kizunguzungu. Mbuzi akitoka nje, anamrudisha. Bibi Nzile akitaka kwenda kuota jua, anamsukuma magoti arudi. Kabula akielekea langoni, Komeo anamdaka kisigino kwa meno, polepole, bila kumtoa damu, lakini mtoto anaanguka, analia.

"Huyu anamuuma mwanangu," akasema Nyamizi.

"Simuumi, mama," akasema Komeo. "Namrudisha."

"Mrudishe bila meno."

"Sina mikono."

Siku hiyohiyo Fisi akaja. Safari hii alisimama mbali, nyuma ya kichaka, akiinamisha kichwa kama anayetetemeka.

"Mama Kabula, umetuweza. Yule mrefu, nikimwona tu, tumbo linanikatika. Tafadhali usimchague yule. Chagua huyu mfupi. Huyu ni wa kuuma watoto tu, simwogopi."

Akakimbia huku anachechemea.

Nyamizi akafurahi. "Mama, umesikia? Anamwogopa Mshale. Basi Mshale ndiye wetu."

Bibi Nzile akasema, "Mwanangu, na kwa nini Fisi atuambie anachokiogopa?"

Nyamizi hakutaka kusikia. Mtu aliyeishi na hofu siku nyingi, akipata kitulizo, hukikumbatia bila kukigeuza upande wa pili. Akamfunga Komeo kwa kamba kwenye nguzo ya zizi, fundo gumu, ili keshokutwa amrudishe kwa Lugoye.

Je, mpo?

Tupo.

Sogeeni basi, maana hapa ndipo penyewe.

Asubuhi paa mdogo alipita mbele ya nyumba. Mshale akaruka, akalisukuma lango la miiba, akaondoka kama jina lake. Bibi Nzile akajikokota, akalifunga lango. Mshale akarudi, ulimi nje.

Jua lilipopanda, mbweha akapita, rafiki yake Fisi. Mshale akaruka, lango likabaki wazi. Bibi Nzile akajikokota tena, akalifunga. Mshale akarudi, amechoka lakini macho yanang'aa.

Mchana, jua likiwa la utosi, akapita mke wa Fisi mwenyewe. Alipita polepole, kisha akakimbia. Mshale akaruka. Wakapotea nyuma ya kilima, na vumbi lao likapotea. Lango likabaki wazi.

Wakati huo Bibi Nzile alikuwa upande wa jikoni anachambua kunde, hakuona. Nyamizi alikuwa juu ya ngazi ya ghala, anachota mtama. Kabula alikuwa uani, peke yake.

Nyamizi akageuka. Akamwona Fisi langoni.

Hakuingia kwa mbio. Aliingia kama mgeni, hatua kwa hatua, kichwa chini. Na Kabula, alipoona mnyama wa miguu minne, alidhani Mshale amerudi. Akanyoosha mikono. Akaanza kumwendea, anayumba, anacheka.

Nyamizi hakupiga kelele, Fisi asije akamrukia mtoto. Akaruka kutoka juu ya ngazi. Mguu ukampinda chini yake, akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Fisi alikuwa karibu na mtoto kuliko yeye. Nguzo ya zizi ilikuwa karibu kuliko mtoto.

"Nifungue, mama," akasema Komeo. "Kwa mguu huo hutafika."

Ikambidi ampe mgongo mwanawe. Hilo ndilo lililomuuma kuliko mguu. Akatambaa mpaka kwenye nguzo, huku nyuma yake anasikia kicheko cha mtoto, na hakujua kama kitakatika. Fundo lilikuwa gumu, alilikaza kwa mikono yake mwenyewe. Vidole vikashindwa. Akalitia meno, akalivuta, akalitafuna, damu ikamtoka kwenye fizi. Fundo likaachia.

Komeo hakwenda kwa Fisi. Alizunguka. Alipita kati ya Fisi na mtoto, akamdaka Kabula kisigino, akamwangusha, akamsukuma kwa kifua, akamsukuma tena, huku Kabula analia kwa nguvu, mpaka akamfikisha mikononi mwa Bibi Nzile, aliyekuwa amesikia kilio akatoka. Kisha Komeo akarudi, akasimama mbele ya Fisi.

Fisi akasema kwa sauti yake laini, "Ndugu yangu, hawa watu hawakutaki. Shingoni una alama ya kamba yao. Nipishe."

Komeo akasema, "Watanirudisha kesho. Leo niko hapa."

Wakashikana. Vumbi lilipanda hata hawakuonekana, zilibaki sauti tu. Nyamizi akatambaa mpaka jikoni, akachomoa kijinga cha moto, akarudi nacho, akamchomeka Fisi ubavuni. Fisi akalia, akajinasua, akatoka langoni mkia tumboni.

Komeo alikuwa amepoteza sikio moja, na bega limechanika. Hakulala. Alikwenda kunusa mbuzi, kila mmoja, akamnusa bibi, akamnusa mtoto, akamnusa Nyamizi. Ndipo akalala chini.

Jioni Mshale akarudi, amejaa furaha. "Mama, leo kidogo tu ningemkamata."

Nyamizi hakumpiga wala hakumtukana. Alimwosha Komeo bega kwa maji ya vuguvugu, na mguu wake mwenyewe ulipopata nafuu, Mshale akarudishwa kwa mzee Lugoye, akawinda naye miaka mingi, wote wawili wakaridhika.

Kasanda alirudi na mvua za kwanza, akamkuta mkewe anachechemea na mbwa asiye na sikio amesimama langoni, anamkatalia kuingia mpaka mama mwenye nyumba aseme. Lakini Nyamizi, hata baada ya hapo, hakupanda tena ngazi ya ghala bila kumfunga mtoto mgongoni. Hofu ile ilipungua, haikuisha.

Ngano hii inatufunza, ndugu zangu, kwamba unapomchagua wa kuishi naye, usitazame tu uhodari wake. Tazama uhodari huo unampeleka wapi, mbali na nyumba au karibu nayo. Na adui akikusaidia kuchagua, anza upya.

Ngano yangu imefika kwake, imeingia ndani. Aliye karibu na mlango aufunge.

Tumeufunga.